Gawa kwa Nne

Chumba kiko juu ya duka la pembejeo, Mwanjelwa,
kwa hiyo tunasoma mtandao ndani ya harufu
ya mbolea ya kukuzia na dawa ya bakajani.
Sitashangaa siku ya mtihani nikinusa viazi.

Julai. Vidole havisikii.
Mwalimu Gwamaka anagawa waya, nusu mita kila mtu.
Tunamenya ganda, tunasokotoa nyuzi nane, tunazinyoosha:
nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu,
nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia.
Nimeyasema nikikanda unga, nimeyasema kanisani
wakati wa matangazo,
na bado kijani hukimbilia kwa kijani mwenzake
kama ndugu waliokatazwa kuketi pamoja.

Nsajigwa aliacha bodaboda kwa ajili ya cheti hiki.
Anabana kichwa cha plastiki kwa koleo mpaka kinalia ta!
Kwenye kipimio taa ya sita haiwaki.
"Hii ingekuwa breki," anasema, "mngeshanizika."

Ndipo ikaja Jumanne ya kugawa.
"Taasisi ina ofisi tatu," mwalimu akaandika ubaoni,
"na anwani mia mbili hamsini na sita.
Gawa sawasawa."
Mimi mtoto wa mkulima. Kugawa nakujua.
Themanini na tano, themanini na tano, themanini na tano,
ikabaki moja, nikampa mlinzi.

Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka.
Alifuta kwa kiganja.
"Mtandao haujui tatu, Sekela.
Unakata katikati, halafu unakata katikati tena.
Wakiwa watatu, gawa kwa nne."

Gawa kwa nne.

Baba alipogawa shamba la Isongole
alipima kwa kamba ya katani, mara tatu.
Asajile akapewa upande wa mto,
Ipyana pa katikati,
Andongwisye, ambaye bado ananyonya kidole,
akapewa penye miparachichi.
Mimi nilishika ncha ya kamba.
Niliishika imara, isilegee,
wasije wakadhulumiana.
Nilikuwa na miaka kumi na tisa
na kila mtu alisema nina mkono mzuri wa kupimia.

Nikarudi kwenye daftari.
Sifuri hadi sitini na tatu.
Sitini na nne hadi mia moja ishirini na saba.
Mia moja ishirini na nane hadi mia moja tisini na moja.
Hapo kalamu ikasita:
mia moja tisini na mbili, hadi mwisho.
"Na hiki cha nne, mwalimu, cha nani?"
"Hakina mtu bado. Lakini kipo.
Usipokiandika, hesabu yako yote ni kosa."

Akaendelea na mengine: kwamba katika kila kipande
anwani ya kwanza ni jina la kipande,
ya mwisho ni ya mbiu, humo halali mtu.
Daftari linaonyesha niliandika. Sikumbuki.

Asajile amepiga simu kuuliza hicho cheti kinapandwa wapi.
Nikamuuliza: bei ya viazi uliyoiona asubuhi kwenye simu
ilipita wapi kukufikia?
Akasema, hewani.
Hewani, kaka, mpaka mnarani.
Kuanzia hapo kuna mtu alimenya waya.

Mtihani ni Alhamisi ya wiki ijayo, kwa Kiingereza,
na ada yake imebaki robo.

Jana jioni niliunganisha mashine mbili
kwa waya nilioubana mwenyewe.
Nikabisha hodi kutoka hii kwenda ile,
hodi nne, ndivyo inavyobisha.
Jibu.
Jibu.
Jibu.
La nne likakawia.
Nikaushika waya kwenye ncha,
imara, usilegee.
Jibu.

Nsajigwa akauliza macho yangu yana nini.
Nikasema ni mbolea, huko chini.